Je, mkanda wa kiuno utawakinga wapakiaji wa saruji?

SWALI: Mimi ni mnyapara wa vijana wanaopakia saruji kwenye maboti hapa Kibirizi, Kigoma. Mfuko ni kilo 50. Wawili kiuno kimewakamata, na mmoja wao ganzi inamshuka hadi mguuni. Nikiwanunulia ile mikanda mipana ya kiunoni, itasaidia?

JIBU: Mnyapara, hela hiyo usiitupe huko. Mkanda humfanya mtu ajione imara, lakini hakuna uthibitisho wa kuaminika kwamba unamkinga mpakiaji asiumie.

Kinachoumiza ni uzito pamoja na umbali wa mzigo kutoka mwilini. Kijana akiinama kuokota mfuko ulio sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli ya mgongo, ambayo iko kama sentimita 5 tu kutoka kwenye uti huo, hulazimika kuvuta mara nane ya uzito wa mfuko. Hiyo ni kama kilo 400, na hapo kiwiliwili chake hatujakihesabu. Zinazoelemewa ni pingili za chini kabisa. Mfuko ukishakaa begani, afadhali. Hatari kubwa iko kwenye kuokota chini, na zaidi akigeuza kiuno huku miguu imesimama palepale.

Kwa hiyo nunua mbao. Tengeneza kichanja cha kimo cha kiuno, saruji itoke kwenye lori itue hapo, isiguse ardhi kabisa. Ikibidi kuokota chini, wainue wawili. Ubao wa kupandia botini nao uwe mpana, upigiliwe vipingo vya kuzuia kuteleza.

Huyo mwenye ganzi akapimwe. Asibebe kitu kwa sasa, ila asilale kitandani kutwa. Atembee kadiri anavyoweza. Akianza kufa ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au kumtoka bila kujijua, au mguu ukilegea, mkimbizeni hospitali ya Maweni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Habari za kukandwa kwanza achaneni nazo, maana mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu huenda isirudi.

Halafu anza daftari: nani kaja kazini, nani kaumia, lini, akifanya nini. Taarifa ya ajali hutakiwa kufika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya miezi 12, na kibarua asiyeandikwa popote atapata tabu kuthibitisha kwamba aliumia kazini kwako.