Maswali na majibu: Mantle sawa, ila Chipper mnamsahau

Tangu Cal Raleigh apige homurani 60 (mipigo ya kupeleka mpira nje ya uwanja) kwenye besiboli mwaka 2025, kila mtu amekuwa mtaalamu wa wapigaji wa pande mbili, wale wanaoweza kupiga wakisimama kushoto au kulia, maswali yamejaa. Twende.

Nani namba moja wa muda wote? Usizunguke.

Mickey Mantle. Mwaka 1956 aliongoza ligi kwa vyote vitatu, wastani wa kupiga .353 (kama hiti 353 kwa kila majaribio 1,000), homurani 52, RBI 130 (pointi zilizoingia kwa mipigo yake), na hilo goti lilishaharibika tangu fainali za 1951 alipokanyaga kifuniko cha mfereji uwanjani. Ila nitarudia mpaka mnichoke, homurani peke yake sio hoja. Wengi mnaowataja wana upande mmoja wa kutafutia ugali na mwingine wa kusukumia siku. Chipper Jones wa Atlanta alimaliza na wastani wa .303 akisimama kushoto, .304 akisimama kulia. Hizo ndo pande mbili, jamani.

Mbona Ohtani, yule anayerusha na kupiga, humtaji?

Mara ya nne mwezi huu. Anarusha kwa kulia, anapiga kushoto TU. Angalieni mechi basi, msisome vichwa vya habari.

Pete Rose na hiti zake 4,256 (mipigo iliyomfikisha kituoni salama)?

Kwa hiti hakuna aliyemfikia, awe wa pande mbili au mmoja, ila homurani 160 kwa miaka yote ile ni kidogo, kwangu yuko chini ya Eddie Murray mwenye 504 na hiti 3,255 ambaye mnamsahau kisa hakupenda kuongea na waandishi. Na ndiyo, Rose alifungiwa 1989 kwa kubeti mechi za timu yake mwenyewe, wakamfungulia 2025 ameshazikwa. Nyie mnaonitumia mikeka ya besiboli niwachagulie, sijibu, na hela ya kodi ya nyumba haiendi kwenye mkeka.

Tuko Ohio. Mwanangu ana miaka 9, anapiga kulia vizuri, baba yake anamlazimisha ajifunze na kushoto. Ni sawa?

Mama, sababu ya baba ipo. Mpira wa kukata (unaopinda) wa pitcha, yaani mrushaji, wa kulia unamkimbia mpigaji wa kulia, akihamia upande wa pili unamjia, na pitcha wengi ni wa kulia kwa hiyo huo upande mgeni ndo atautumia zaidi, hapo wengi hawafikirii. Mantle alifundishwa hivyo hivyo nyumbani, baba anarusha kwa kulia mtoto anasimama kushoto, babu anarusha kwa kushoto anahamia kulia. Lakini Cedric Mullins, wakati huo akiwa Baltimore, aliacha kupiga kulia 2021, akabaki kushoto tu, na msimu huo huo akapata homurani 30 na kuiba besi 30 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake apige). Mwambie mzee amuulize mtoto kwanza.

Raleigh ameshampita Mantle?

Kwa msimu mmoja ndiyo, rekodi ya homurani kwa mpigaji wa pande mbili ilikuwa 54 za Mantle mwaka 1961, tena Raleigh ni kecha, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima. Kwa jumla bado sana.

Pitcha naye akiwa na mikono miwili inakuwaje?

Ilishatokea 2008 ligi za chini. Pat Venditte, glavu ya vidole sita inayovalika mkono wowote, anahamisha mkono, mpigaji wa pande mbili anahama upande, anahamisha tena, yule anahama tena, marefa wamebaki wanatazamana. Baadaye ikawekwa sheria, pitcha atangulie kuchagua mkono. Mpigaji mwenyewe siku ile alitolewa kwa straiki tatu, yaani alishindwa kupiga.