Jibu: Tarehe zote zinatoka Januari kwenye tMap

Umeuliza kwa nini "07/03/2024" ikipita kwenye tMap ya Talend (kijenzi cha kubadilisha data katika Talend, programu ya kuhamisha data) inageuka 7 Januari. Tatizo ni herufi moja tu: muundo wa tarehe umeuandika "dd/mm/yyyy". Herufi ndogo mm ni dakika, MM kubwa ndiyo mwezi. Kwa hiyo 03 imesomwa kama dakika tatu, na mwezi uliokosekana ukajazwa Januari. Ubaya wake ni kwamba hakuna kosa linalotokea, kazi (Job ya Talend) inamalizika kama kawaida huku data imeharibika.

Bofya kitufe cha nukta tatu pembeni ya safu ya Expression, chagua kundi la TalendDate, kisha uandike hivi:

row1.tarehe == null || row1.tarehe.trim().isEmpty() ? null : TalendDate.parseDate("dd/MM/yyyy", row1.tarehe.trim())

Hapa row1.tarehe ni safu ya tarehe inayoingia. Usiache sehemu ya kwanza, inayokagua kama haina kitu (null). Seli tupu moja kwenye CSV inatosha kuangusha kazi nzima katikati. Safu ya kutokea iwe ya aina ya Date na uweke tiki kwenye Nullable (inaruhusu thamani tupu). Ile Date Pattern ya schema (orodha ya safu na aina zake) haisahihishi usomaji huu. Tarehe hapa inasomwa kwa muundo ulio ndani ya parseDate.

Kama tarehe hiyo inaenda kwenye matokeo mawili au zaidi, iweke kwenye jedwali la Var (la vigeu, ndani ya tMap) kwa jina tareheSafi, kisha uite Var.tareheSafi kila mahali. Utarekebisha sehemu moja tu.

Na ukilinganisha maneno kwenye tMap, mfano safu ya hali, tumia "NDIYO".equals(row1.hali), si ==. Hii == hailinganishi herufi zilizomo.