Simamisha fundi kwanza, nenda ukahesabu taa

Simamisha fundi. Ndugu mleta mada, unasema una kiinua mgongo cha milioni 80 na kiwanja Iyumbu, Dodoma, na umekwisha kuchorewa nyumba mbili za vyumba vitatu vitatu za kuwapangishia watumishi wenye familia. Unauliza kama uongezee mkopo, kodi ya pango inatozwaje, uweke samani au usiweke, na umtumie dalali gani. Ramani uliyoiweka hapa naijua, kwa sababu ndiyo niliyojenga mimi mwaka 2018, na sitashangaa nikiambiwa mchoraji ni yule yule.

Hali ya wakati ule mnaikumbuka. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kuwa Serikali inahamia Dodoma, Waziri Mkuu akatangulia Septemba, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa, majukumu yake yakaenda halmashauri na viwanja vikapimwa kwa kasi. Kila mwenye akiba alijiona mwenye nyumba. Mimi akiba yangu ilikuwa ndogo, lakini nilimpata dalali mwenye daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, limejaa majina ya wateja na nambari za simu, kila mmoja akitafuta nyumba nzima ya laki tano kwa mwezi na yuko tayari kulipa ya mwaka mzima. Sikupiga hata nambari moja. Nilikopa benki milioni 45 kwa riba ya asilimia 17, nikaweka milango ya mninga, dari za jipsamu na vigae mpaka stoo. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Hao watu kwa sasa wanalala wapi?" Nikamwambia mambo ya biashara aniachie mimi, jibu ambalo hadi leo hunitajia wageni wakija.

Nyumba zilikaa miezi kumi na moja bila mtu. Watumishi walikuja kweli, lakini wengi niliokutana nao walikuwa wameziacha familia Dar es Salaam kwa ajili ya shule za watoto na kazi za wenzi wao, kwa hiyo walitaka chumba masta chenye jiko dogo, na Ijumaa jioni walikuwa stendi. Treni ya kisasa iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imewarahisishia zaidi. Wenye familia na uwezo wa laki tano nao hawakuwa wakinisubiri mimi: Shirika la Nyumba lilijenga Iyumbu hiyo hiyo, Wakala wa Majengo Nzuguni, na wengine walinunua viwanja wakajenga vyao, yaani mteja wangu aligeuka kuwa mshindani wangu. Aliyebaki alipita mtaani, akaona mageti saba yenye karatasi ya "Inapangishwa", kisha akataja bei yeye. Mpangaji wangu wa kwanza alitaja laki mbili na nusu, kwa miezi mitatu mitatu, na kabla ya kukubali aliligonga tangi la maji kwa kiganja asikie kama limejaa. Mninga hakuutazama. Marejesho ya benki yalizidi milioni moja kwa mwezi, na tofauti hiyo ililipwa na gari langu, ambalo sasa linabeba abiria wa mtu mwingine.

Dalali hakupoteza hata shilingi. Nyumba zikiwa nyingi na tupu ndipo anapozungusha watu wengi zaidi, na hela ya kuzungusha anaichukua hata mteja asipopanga. Mtu wa namna hiyo utamwamini vipi akikuambia soko lina njaa ya nyumba?

Kwa hiyo nenda ukahesabu taa. Nenda Jumanne, saa mbili usiku, utembee kwa miguu mitaa yote inayozunguka kiwanja chako, na taa ya getini isikudanganye, maana hiyo huwashwa na mlinzi. Tazama dirisha la jikoni. Mimi nilifanya hivyo mwaka 2021, nikiwa nimekwisha kuungua: kati ya nyumba 26 zilizokamilika, majiko 11 tu ndiyo yaliyokuwa na mwanga. Nyuma yake kulikuwa na safu ya vyumba vya kujitegemea, vyote vinawaka, na nguo zimejaa kwenye kamba. Kodi halisi waulize wapangaji, kwa sababu sisi wenye nyumba tukiulizwa tunadanganya.

Mwezi uliofuata niliikata nyumba moja ikawa makazi matatu, kila moja na mlango wake na mita yake ya LUKU, kwa milioni 9, na tangu hapo haijawahi kukaa tupu zaidi ya wiki mbili. Ya pili bado ina vyumba vitatu na karatasi getini.

Dalali yule bado ananipigia simu. Juma lililopita alinieleza kuwa sasa hivi wateja wanatafuta vyumba vinne.