Sproketi ya meno mangapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mdogo wangu tumeunda kigari cha mashindano kwa mabomba ya chuma na injini ya pampu ya maji, nguvu farasi 5.5. Sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ya mbele ina meno 12, ya nyuma 36, tuliitoa kwenye pikipiki. Kikiondoka kinasuasua na klachi inafuka moshi. Tutafute injini kubwa zaidi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Injini iacheni, haina kosa. Gawanya 36 kwa 12 unapata 3, yaani injini ikizunguka mara tatu tairi linazunguka mara moja, na hapo ndipo penye ugonjwa. Injini hiyo hufika mizunguko 3,600 kwa dakika. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 33 mnaidai kilomita 75 kwa saa. Ubavu huo haina. Inakwama chini, klachi inateleza badala ya kushika, na kuteleza huko ndiko kunakoiunguza.

Fungeni meno 10 mbele na 60 nyuma. Uwiano unakuwa 6, mwendo wa juu kama kilomita 37, na kwenye kilima mtaona tofauti mara moja. Mkikosa ya 60 dukani, karakana ya kukereza vyuma itawachongea, ila pelekeni kipande cha cheni yenu wapimie meno.

Kagueni pia hiyo klachi, pengine imeshaisha. Halafu, tafadhali sana, cheni ifunikeni kwa kava la bati kabla mdogo wako hajakaa tena hapo.