Rufaa ya kesi ya kiwanja: jaji atapima nini?

SWALI: Salaam aleikum. Baba alijenga Muyeye, Malindi, kwenye shamba la mtu kwa maneno ya mdomo: nyumba yake, ardhi ya mwenyewe, kodi ya kiwanja kila mwaka. Hakimu ametuamuru tuhame, eti upangaji haukuthibitishwa, na hali risiti tulizipeleka na mzee wa mtaa akatoa ushahidi. Tukikata rufaa, mashahidi wataitwa upya? – Binti wa Muyeye

JIBU: Wa alaikumu salaam, dada. Mashahidi hawaitwi tena. Jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi atasoma yaliyoandikwa, lakini hafungwi na maoni ya hakimu. Tangu kesi ya Selle ya 1968, mahakama ya rufaa ya kwanza inapaswa kuupima ushahidi wote yenyewe na kutoa uamuzi wake, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Hakimu akisema shahidi alionekana kubabaika, jaji hatamwingilia kirahisi. Risiti ni jambo jingine; karatasi ile ile hakimu aliyoiruka, jaji anaisoma mwenyewe. Hapo ndipo pa kukazania.

Kwa hiyo fungua nakala ya mwenendo wa kesi utafute zile risiti. Zimeandikwa kuwa kielelezo, au zimetiwa alama ya utambulisho tu? Iliyotiwa alama bila kutolewa rasmi si ushahidi, na kesi nyingi nzuri huzama papo hapo. Amri ya 42, kanuni ya 27, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai (Civil Procedure Rules), inaruhusu ushahidi wa ziada, ila mlango huo ni mwembamba, hasa kama karatasi ilikuwa mkononi mwenu siku zote.

Desturi hiyo ya nyumba yako kwenye ardhi ya mwingine nayo haijithibitishi. Kesi ya Kimani dhidi ya Gikanga, 1965, ilimtwika mzigo huo anayeitegemea. Je, mzee alieleza kodi hupokelewa na nani, notisi hutolewaje, nyumba huwa ya nani shamba likiuzwa? Kama alisema tu “namjua baba yao”, ushahidi huo ni mwepesi.

Hati ya rufaa isiishie kwenye “hakimu alikosea”. Andika: “Hakimu hakuzipima risiti za kodi, kielelezo cha 2, wala hakutoa sababu ya kuzikataa.” Kisha kwenye hoja zenu taja ukurasa.

Na tafadhali msichanganye dai la kodi na dai la kumiliki ardhi kwa kukaa miaka 12. Nasisitiza kwa sababu linaponza familia nyingi pwani. Dai la miaka 12 linataka mtu awe amekaa bila ruhusa ya mwenye ardhi. Risiti ya kodi ni ruhusa yenyewe. Ukiyaleta yote mawili, moja linalivunja jingine.

Muda ni siku 30. Ombeni leo kwa barua nakala ya mwenendo na ya dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu), mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku ambazo mahakama itathibitisha kuwa zilitumika kuandaa dikrii hazihesabiwi. Rufaa peke yake haizuii kuhamishwa. Pelekeni bila kuchelewa ombi la kusimamisha utekelezaji, chini ya Amri ya 42, kanuni ya 6: onyesheni hasara kubwa mtakayopata (picha za nyumba, wanaoishi humo) na muwe tayari kuweka dhamana.

Mkishindwa kwenye rufaa hii ya kwanza, rufaa ya pili husikiliza hoja za sheria tu. Suala la risiti litakuwa limefungwa.