Na cherehani je?

Swali lenu la wiki hii, ati Mkristo afanye nini kama ameshatubu kwa Mungu na bado hatia inamla, limenigusa pabaya. Mbona kila mara ni mwenye hatia ndio anahurumiwa? Wacha mimi niongee upande wa aliyekosewa.

Watu wa Nakuru mnajua Januari 2008, zile fujo za baada ya uchaguzi, ilikuwa aje, sitarudia. Sisi tulitoka mtaa wetu wa Kaptembwo tukakimbilia showground na nguo za mwilini, tuliporudi kwa ploti nyumba ilikuwa imefagiwa, hata cherehani ya mama, ile Singer ya kukanyaga iliyokuwa inatulipia karo, hakuna. Miaka ikaenda. Halafu Jumapili moja wakati wa ushuhuda akasimama ndugu mmoja tuliyekuwa tunakaa naye ploti, Bwana asifiwe, tena Bwana asifiwe, akasema anataka kutembea nuruni, yeye ndiye alibeba hiyo cherehani usiku na mkokoteni. Analia kabisa. Pasta akamwita mama mbele akampa maiki. Sasa mama angesema nini na kanisa lote limesimama? Akasema nimemsamehe, makofi, wakakumbatiana, mama mkoba uko kwapani kwa hivyo ni mkono mmoja tu, kwaya ikashika wimbo na sadaka ikafuata. Hakuna mtu aliuliza cherehani iko wapi. Jioni mama anakata sukuma, akaniuliza, "Kwani alisema aliiuza pesa ngapi?" Hakuwa amesema.

Hiyo ni toba gani? Kwa Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 5 inasema mtu aungame, arudishe chote na aongeze sehemu ya tano juu yake. Zakayo yule mtoza ushuru alisema atarudisha mara nne, tena bila kuulizwa. Kwa Wakatoliki angalau ukiungama wizi padre anakuambia urudishe, na siri inabaki kwake, hakuna makofi. Nilikuwa nimekaa hapa kuwaandikia kwamba maungamo ya mbele ya watu yapigwe marufuku, juu yule jamaa alienda kulala usingizi mtamu na sisi tukabaki na hasira tusiyoruhusiwa kuwa nayo.

Lakini vile naandika nakumbuka kitu. Miaka hiyo yote mama alikuwa "anajua" mwizi, na hakuwa huyu. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, hawakuwa wanasalimiana, hata kwa chama mama alikataa aingizwe. Wiki hiyo hiyo ya ushuhuda mama yangu alinunua sukari kilo mbili akaenda kwake, akarudi usiku. Kama jamaa angemalizana na Mungu peke yake chumbani, huyo mama wa watu angezikwa akiitwa mwizi.

Sasa hata sijui. Juzi nimemuuliza mama kama kweli alisamehe ama ilikuwa ni ile maiki. "Nilimsamehe. Cherehani namdai."

Kwa hivyo mwenye hatia, naona uende tu, hata kama ni mbele ya kanisa sawa, lakini usiende mikono mitupu, lipa hata kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Isipokuwa kama ni mambo ya ndoa ya watu ama ni siri itafanya mtu apigwe, hiyo tafuta kwanza mchungaji asiye na mdomo, mimi huko siingii.