Nyongo Imetolewa, Tumbo Bado Linasumbua: Daktari Anajibu Wasomaji

Swali: Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe. Maumivu makali ya ubavuni yalikwisha, namshukuru Mungu, lakini tangu wakati huo nikinywa chai ya maziwa asubuhi na kula chapati au maandazi, haipiti nusu saa tumbo linaunguruma na ni lazima nikimbilie chooni. Choo ni cha majimaji, kina rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na kinachoma. Sasa nimeacha kula asubuhi ili nisiaibike darasani. Jirani yangu anasema mwili wangu hauna nyongo tena, kwa hiyo nisiguse mafuta maisha yangu yote. Natumia dawa za presha na za sukari. Nifanyeje?
*Mama N., Majengo, Moshi*

Jibu: Pole sana, Mama N. Nianze na jirani yako, kwa kuwa maneno yake nayasikia kila wiki kliniki. Nyongo unayo. Inatengenezwa na ini, si na ule mfuko uliotolewa, na ini la mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku, uwe na mfuko au usiwe nao. Kazi ya mfuko ilikuwa kuihifadhi kidogo, kuipunguza maji ili iwe nzito, kisha kuikamua kwa wakati mmoja pale chakula chenye mafuta kinapoingia kwenye utumbo mwembamba. Ulipotolewa, nyongo ilibaki ikidondoka mfululizo mchana na usiku, bila kusubiri chakula. Kilichokupungukia ni mpangilio wa saa, na ndiyo maana watu wengi baada ya upasuaji huu hula karibu kila kitu bila taabu.

Kwa wachache, hali huwa kama yako. Kwa kawaida asidi zilizomo ndani ya nyongo, karibu asilimia 95, hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini ili zitumike tena. Zikishuka nyingi kuliko sehemu ile inavyoweza kunyonya, huingia utumbo mpana, na huko huvuta maji na kuuchokoza utumbo usukume haraka. Hapo ndipo unapopata choo cha majimaji, rangi hiyo uliyoitaja, kule kuchoma, na ule mwito wa choo usiokubali kusubiri. Maelezo yako yanafanana sana na kuharisha kwa namna hii, ingawa kuna mambo mawili nataka yaangaliwe kwanza.

La kwanza ni dawa zako za sukari. Ikiwa mojawapo ni metformini, nayo kwa yenyewe huharisha watu wengi, hasa dozi inapoongezwa. Usiiache kwa uamuzi wako. Mwambie daktari anayekuhudumia, kwani ipo aina inayoyeyuka taratibu ambayo matumbo mengi huivumilia vizuri zaidi. La pili ni kupima choo. Minyoo na vijidudu kama giardia havijui kwamba umefanyiwa upasuaji, na si haki kuusingizia mfuko wa nyongo kila linalotokea tumboni. Maziwa ya chai nayo ni ya kutazamwa: kunywa chai ya rangi kwa wiki moja bila kubadilisha kitu kingine, uone kama kuna tofauti.

Kuhusu kuacha kula asubuhi, naelewa aibu inayokusukuma, lakini njia hiyo inakugeukia. Ukishinda na njaa hadi saa saba kisha ukala sahani iliyojaa, utumbo hupokea mzigo mkubwa kwa mpigo na kukurupuka zaidi. Isitoshe, mtu anayetumia dawa za sukari akikaa na njaa, sukari yake ya damu inaweza kushuka mno, akatetemeka na kutoka jasho mbele ya wanafunzi. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Asubuhi anza na uji wa ulezi au ndizi mbili za kuchemsha, saa nne kula tena kidogo, na uamke mapema kiasi ili mwito wa kwanza wa choo ukukute ungali nyumbani.

Sasa mafuta. Sikubaliani na kuyapiga marufuku, maana mwili unayahitaji ili kunyonya vitamini A, D, E na K, na chakula kisicho na mafuta kabisa kinamchosha mtu hadi siku moja anashindwa na kula chipsi mayai sahani nzima. Linalosumbua ni mafuta mengi kwa mlo mmoja. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina takriban gramu 14 za mafuta. Mtazame anayepika chapati: anakanda unga na mafuta, anapaka tena anapokunja, kisha anamimina mengine kwenye kikaango kila anapogeuza. Chapati mbili za namna hiyo na chai ya maziwa yenye utando juu ni mlo mzito kuliko unavyoonekana. Mtori na machalari ni vyakula vizuri kwako mradi nyama iwe isiyo na mafuta na kile kijiko cha siagi ya mwisho kiachwe kwenye kopo. Dagaa wa kuchemshwa na kuungwa kwa nyanya ni bora kuliko wa kukaangwa. Na parachichi, ambalo sisi wa Kilimanjaro tunalihesabu kama tunda lisilo na hatia, lina mafuta mengi. Nusu ya parachichi kubwa inatosha kufikia kile kijiko kikubwa au kukipita. Kula kipande, si nusu nzima juu ya wali wa kuunga. Kahawa nayo, hata isiyo na maziwa, husukuma utumbo mpana, kwa hiyo iahirishe hadi urudi nyumbani.

Andika kwenye daftari kwa wiki mbili: saa, ulichokula, na choo kilivyokuwa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Ikiwa hayo hayatoshi, kuna dawa. Kolestiramini ni unga unaokorogwa kwenye maji au juisi, wala haulambwi mkavu, nao hushika asidi za nyongo ndani ya utumbo zisiuchokoze. Daktari huanza na dozi ndogo, kwa sababu ikizidi inafunga choo na kujaza gesi. Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha ni kwamba unga huu hushika pia dawa nyingine, ikiwa ni pamoja na baadhi ya zile za presha. Dawa zako nyingine zinywe saa moja kabla yake, au saa nne hadi sita baada yake. Uingereza kuna kipimo cha kumeza kidonge na kupigwa picha mara mbili ndani ya wiki ili kuthibitisha tatizo. Pasipo kipimo hicho, daktari hukupa dawa kwa majaribio, na ukipata nafuu ndani ya siku chache jibu limepatikana. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, inaweza kukusaidia siku ya safari au ya mitihani, ila usiitumie ukiwa na homa au choo chenye damu. Damu, homa, kupungua uzito bila sababu au upungufu wa damu vinahitaji uchunguzi wa utumbo mpana, na kwa umri wako nisingependa vipuuzwe.

Swali: Daktari, mke wangu alitolewa mfuko wa nyongo miezi mitano iliyopita. Sasa maumivu yaleyale ya chini ya mbavu za kulia yamerudi, yanadumu saa mbili au tatu, na tangu juzi mkojo wake umekuwa wa kahawia. Nimnunulie dawa za vidonda vya tumbo?
*Baba E., Ngaramtoni, Arusha*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mpeleke hospitali leo. Jiwe linaweza kubaki kwenye mrija unaopeleka nyongo utumboni hata baada ya mfuko kutolewa, na mara nyingine huundwa jipya humo humo. Mkojo wa kahawia unaonyesha kwamba huenda nyongo imezuiwa na inarudi kwenye damu. Tazama kama macho yana umanjano na kama choo kimepauka. Akipata homa na kutetemeka, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, kwa kuwa mrija uliopata maambukizi unaweza kuua. Pale Hospitali ya Mount Meru wanaweza kuanza na vipimo vya damu vya ini na altrasaundi, na ikibidi apewe rufaa. Jiwe la kwenye mrija mara nyingi hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tumbo tena. Chukueni karatasi ya maelezo ya upasuaji wa kwanza. Usimpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa sasa. Inaumiza tumbo na figo, na inaweza kuficha homa.

Swali: Nilitolewa nyongo. Je, mbege naruhusiwa?
*Mzee wa Marangu*

Jibu: Shikamoo, mzee. Mbege ni ndizi na ulezi, haina mafuta ya kuisumbua nyongo, ingawa huleta gesi, na kileo huharakisha utumbo. Kidogo, tena pamoja na chakula, kwa wengi haina neno. Isipokuwa kama mawe yako yaliwahi kusababisha uvimbe wa kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo: hapo kileo chote kiachwe. Soma karatasi uliyopewa ulipotoka wodini, au mpe mjukuu aisome, utafute kama neno kongosho limeandikwa humo.